Ziwa Victoria lilianza kuharibika lini? Tope la chini lina jibu, karibuni tubishane

Mpiga Kasia (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Juzi mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, nilikuta ubishi umechacha. Mmoja anasema ziwa limeuawa na sangara. Mwingine anasema hapana, ni magugu maji. Wa tatu, dereva wa bodaboda, anaapa kuwa ni viwanda vya minofu na majitaka ya mjini. Kila mmoja ana tarehe yake kichwani, na nimegundua kila tarehe inaanzia pale mwenyewe alipopata akili. Nikanyamaza, maana kijiweni hoja bila sauti kubwa haisikiki. Nimekuja kuitoa huku.

Mimi si mwanasayansi, tuelewane mapema. Miaka ya nyuma nilipata kibarua kwenye boti iliyokuwa inachukua tope katikati ya ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuvuta kamba, kuosha mabomba na kuchemsha chai. Lakini masikio hayakuwa kibarua. Niliyoyasikia pale yalinifanya nitafute wa kunieleza zaidi, na mpaka leo bado nafuatilia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna bomba la plastiki linaloonyesha ndani, limefungwa uzito. Unalishusha polepole kwa kamba mpaka lizame kwenye tope la chini, kifuniko kinajifunga, mnalipandisha. Likifika juu unaona maji kidogo, chini yake tope laini kama uji wa ulezi, na kadiri unavyoteremka tope linakuwa zito na kushikana. Hapo huruhusiwi hata kupiga chafya. Bomba linasimamishwa wima, tope linasukumwa kutoka chini, na linakatwa vipande vyembamba kama mama anavyokata sabuni ya mche. Kila kipande kinaingia mfuko wake na namba yake. Ukichanganya mifuko miwili umefuta miaka ya watu.

Kwa sababu ziwa halijawahi kupumzika kupokea. Kila mwaka vinashuka chini mwani uliokufa, vumbi, udongo wa mito, majivu ya moto wa mashambani, chavua ya miti, meno na magamba ya samaki, vichwa vya mabuu ya wadudu. Vya mwaka huu vinalalia vya mwaka jana. Katikati ya ziwa, ambako mawimbi hayafiki chini, hakuna anayekuja kuvivuruga.

Sasa jibu la ubishi wa Kirumba. Mwaka 2002 Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, na wenzake walichapisha walichosoma kwenye tope la Victoria la mbali na pwani. Tarehe zao ni tatu. Mwani ulianza kuongezeka miaka ya 1930. Hewa ya oksijeni kwenye kina ilianza kupungua mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na ule mwani wa kijani-buluu, unaotanda kama mtu kamwaga rangi ya ukutani, ulishika usukani mwishoni mwa miaka ya 1980.

Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na akaja kulipuka miaka ya 1980. Magugu maji tumeyaona kwa wingi miaka ya 1990. Hesabu mwenyewe. Sangara alikuta nyumba imeshaanza kuvuja.

Sato Choma

Mkuu umeniacha kwenye kona. Tope linajuaje kuwa hii ni 1930 na hii ni 1960? Limezaliwa na cheti?

Mpiga Kasia

Hahaha, cheti kipo. Kuna aina ya risasi, hii madini ya risasi, inaitwa risasi-210. Inatokana na gesi inayovuja ardhini, inaelea hewani, kisha inarudi chini na mvua na vumbi. Inamwagikia ziwa kila mwaka bila kukoma. Ikishafunikwa kwenye tope inaanza kuyeyuka yenyewe kwa mwendo usiobadilika, kila baada ya miaka kama 22 inabaki nusu. Kwa hiyo ukipima kipande cha juu, halafu ukateremka mpaka ukakuta nusu yake, umerudi nyuma miaka kama 22. Ukikuta robo, kama 44. Ukiteremka karne moja na nusu hivi inakuwa kidogo mno, huwezi kuhesabu tena.

Kisha kuna shahidi wa pili. Mataifa makubwa yalipokuwa yanajaribu mabomu ya nyuklia angani, vumbi lake lenye sizi-137, chembe ya mionzi, lilienea dunia nzima na kufikia kilele mwaka 1963. Kipande chenye sizi nyingi kuliko vyote ndicho cha mwaka huo. Mashahidi hao wawili wakikubaliana, unalala usingizi. Kwa tope la maelfu ya miaka wanatumia kaboni-14, nayo ni saa ya namna hiyohiyo ila inakwenda polepole zaidi.

Mimi hilo la 1963 liliniganda kichwani. Watu wanajaribu mabomu yao huko Aktiki na visiwani Pasifiki, na alama inabaki kwenye tope letu.

Mtata

Maneno mengi. Mimi nimeona kwa macho yangu furu, wale samaki wadogo wa asili, wakiisha kwenye Ghuba ya Mwanza, katikati ya miaka ya 80. Mwaka huu unavuta kokoro limejaa furu, mwaka unaofuata sangara watupu. Sangara kala furu, furu ndio waliokuwa wanakula mwani, mwani ukakosa wa kuula ukajaa. Imeisha hiyo. Hao wa mabomba watuache.

Sato Choma

Mtata kaingia, uzi utafika kurasa 40 😂

Mpiga Kasia

Mtata, hoja yako si ya kubeza, hata wenye vyeti vyao waliishikilia kwa muda mrefu. Na hakuna anayekataa kuwa sangara kala furu. Aina zaidi ya 500 za jamii ya furu zilikuwa ziwa hili peke yake, na inakadiriwa hadi nusu yake huenda zimepotea. Hilo ni janga na sangara ana mkono wake.

Lakini angalia mfuatano. Kama mwani ulijaa kwa kukosa mlaji, ungepaswa kuanza kupanda baada ya furu kupungua. Kwenye tope ulishaanza kupanda miaka 50 kabla. Ulipanda sambamba na watu na mashamba kuongezeka kuzunguka ziwa. Reli ilifika Kisumu 1901, ikafika Mwanza 1928. Ikaja pamba, kahawa, chai, misitu ikafyekwa. Udongo uliokuwa umeshikwa na mizizi ukaanza safari ya kuteremka ziwani na mbolea yake yote.

Tena kuna upande wa pili unaokugusa wewe. Oksijeni ilianza kupungua kwenye kina mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kulikuwa na furu waliozoea kuishi huko chini. Wakakosa pa kukaa. Kina Verschuren wanasema huenda hilo lilichangia samaki wa asili kuporomoka miaka ya 1980. Yaani sangara alipowashambulia, baadhi walikuwa wameshafukuzwa vyumbani mwao.

Mtata

Hewa ya chini ya maji ya mwaka 1960 wameionaje leo? Waliiweka kwenye chupa?

Mwalimu wa Bondeni

Naomba hili nilijibu mimi, nafundisha baiolojia sekondari na wanafunzi wangu huniuliza swali hilihili.

Ndugu Mtata, unawajua wale wadudu wanaopaa ziwani kama moshi, wanaingia mpaka kwenye sufuria? Kabla hawajapaa ni mabuu wanaoishi kwenye tope. Kichwa cha buu kina gamba gumu lisilooza. Kila linapojivua ngozi, gamba linabaki pale. Sasa, wapo mabuu wasiovumilia kukosa oksijeni, na wapo wanaoweza kushinda mchana kutwa kwenye tope lisilo na hewa wakiwakwepa samaki, usiku wanapanda juu kula. Ukihesabu vichwa na taya zao kipande kwa kipande, unaona kundi gani lilistawi lini. Hakuna haja ya chupa.

Wenzetu wa Ziwa Nyasa wadudu wa namna hiyo wanawaita kungu na wanawafinyanga kuwa mkate. Sisi tunawafukuza na moshi wa mavi ya ng'ombe.

Kingine ni diatomu. Hawa ni mwani wa chembe moja unaojijengea ganda la silika, kioo kabisa, kila aina na nakshi yake. Ukilionyesha darasa chini ya hadubini linanyamaza, hata wale wa nyuma. Mwani ukifa unaoza, ganda linabaki. Kuna aina zinazopenda maji safi yenye virutubisho haba, kuna za maji yaliyoshiba mbolea, kuna za maji ya chumvi. Ukijua nani anapenda nini leo, basi ukikuta maganda yake kwenye tope la mwaka fulani unajua maji ya mwaka huo yalikuwaje.

Na hapa Victoria diatomu walijimaliza wenyewe. Virutubisho vilipozidi wakazaana, kila mmoja anachota silika majini anajenga ganda, anakufa, anashuka nalo kaburini. Miaka 50 ya mtindo huo, silika majini ikawa inakatika kwa msimu. Hapo mwani wa kijani-buluu, usiohitaji silika na wenye baadhi ya aina zinazojichukulia naitrojeni hewani, ukapata uwanja mtupu.

Bibi Dagaa

Wajukuu hamjambo. Mimi nimezaliwa Ukerewe, mjukuu wangu ndiye ananichapia haya. Sisi tulikunywa maji ya ziwa. Ulikuwa unaingia mpaka kiunoni unachota ndoo unakwenda zako. Na tulikuwa na mchezo, mnaangusha sahani nyeupe ya bati kutoka kwenye mtumbwi, mnashindana nani ataendelea kuiona kwa muda mrefu zaidi, halafu wavulana wanaizamia. Leo ukiangusha sahani, kabla hujasema "ile" imeshapotea. Hayo ya mabomba siyajui, lakini maji yalikuwa meupe.

Sato Choma

Shikamoo bibi. Uzi umepata heshima.

Mpiga Kasia

Shikamoo bibi! Hujui ulichokisema. Mchezo wenu ndio kipimo chenyewe. Padri mmoja Mwitalia, Angelo Secchi, mwaka 1865 alianza kushusha sahani nyeupe baharini ili kujua mwanga unapita mpaka wapi. Mpaka leo duniani kote wanapima hivyo, na kifaa kinaitwa kwa jina lake. Mwaka 1927 wapimaji wa kikoloni walifanya hivyo kwenye Victoria mbali na ufuko, sahani ikaonekana mpaka mita 7 au 8. Miaka ya 1990 ilikuwa imeshuka hadi kati ya mita 1 na 3.

Ila vipimo hivyo vina mapengo. Kuna cha 1927, kuna vizuri sana vya 1960 na 1961 alivyofanya mtafiti Talling akiwa Jinja, Uganda, kisha kimya kirefu. Ndiyo maana tope likatafutwa.

Bibi Dagaa

Marahaba. Huyo padri angekuja Ukerewe tungemfundisha.

Mwalimu wa Bondeni

Niongeze kuhusu maji kuwa machafu, maana watu hudhani ni suala la kunywa tu. Kuna furu anaitwa kitaalamu Pundamilia nyererei, jina la pili ni heshima kwa Mwalimu Nyerere. Dume lake lina wekundu mgongoni. Ana ndugu yake wa karibu ambaye dume ni la buluu. Majike wanachagua dume kwa rangi. Maji yakiwa meupe, mwekundu anaolewa na wa kwao na buluu na wa kwao. Maji yakiwa na ukungu rangi hazionekani, wanachanganyika, mwisho aina mbili zinakuwa moja. Ole Seehausen na wenzake waliandika hayo mwaka 1997 baada ya kazi yao huku. Kwa hiyo aina inaweza kupotea hata bila kuliwa na yeyote.

Nyota ya Kisumu

Niaje watu wa Mwanza. Huku kwa mbuta (sangara wenu) na omena (dagaa) hadithi ni hiyohiyo, na ghuba yetu ni nyembamba kwa hivyo tulipigwa mapema. Lakini nataka kuongeza ya Ziwa Naivasha, huku Kenya, kwa sababu tope linajua pia mambo ya kabla ya mkoloni.

Pale Naivasha kuna kreta yenye kina kando ya kisiwa cha Crescent. Verschuren huyohuyo na wenzake walitoa bomba lenye miaka 1,100, wakachapisha mwaka 2000. Ziwa likishuka maji yanaingia chumvi, diatomu na mabuu wa chumvi wanaongezeka. Likijaa wanakuja wa maji baridi. Wakasoma kwamba kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi kulikuwa kukavu kuliko leo. Baadaye palikuwa na mvua zaidi, lakini ikakatizwa na vipindi vitatu virefu vya ukame: karibu 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840.

Kilichonishika ni hiki: waliweka tarehe hizo kando ya masimulizi ya wazee wa jamii za Afrika Mashariki, yale ya njaa na watu kuhama, zikaingiana. Wazee wetu waliambiwa kwa miaka mingi kwamba masimulizi si historia.

Mtata

Hiyo ya Naivasha naikubali, haina siasa.

Ujiji Asilia

Mtata usiende mbali, njoo Ziwa Tanganyika upate siasa. Huku mnaambiwa migebuka na dagaa wanapungua kwa sababu ya nyavu zenu tu. Andrew Cohen wa Marekani na wenzake mwaka 2016 walichapisha walichokuta kwenye tope letu: mabaki ya samaki, konokono na vijidudu vyenye magamba mawili kama chaza, vyote vilianza kupungua karne ya 19, kabla ya uvuvi wa kibiashara kukua miaka ya 1950. Sababu wanayoitaja ni joto. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini, chakula kilicho chini hakipandi, na oksijeni haishuki. Wakakadiria kuwa tangu 1946, kwenye maeneo waliyochunguza, sehemu ya sakafu ya ziwa yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38 hivi.

Sisemi nyavu hazina kosa. Nasema kuna kesi mbili na sisi tunashtakiwa kwa zote.

Na kaskazini upande wa Burundi, kwenye milima iliyofyekwa, Cohen tangu 1993 alionyesha kuwa penye udongo mwingi unaoshuka aina za vile vijidudu ni chache kuliko penye miti. Udongo unafunika mawe na kila kilichokaa kwenye mawe.

Sato Choma

Swali la kizushi. Ukiendelea kushuka na bomba Victoria unafika wapi? Au ni tope mpaka Brazil?

Mpiga Kasia

Unafika nchi kavu. Sikutanii. Chini ya mita kadhaa za tope la ziwa wanakuta udongo mgumu wa ardhi iliyokuwa wazi. Thomas Johnson na wenzake mwaka 1996 walieleza kuwa ziwa lilikauka kabisa mwishoni mwa zama za barafu, na maji yakarudi kama miaka 15,000 iliyopita. Hapo unapoona meli inapita palikuwa na nyasi.

Na mwaka 2023 Nare Ngoepe na wenzake walitoa meno ya samaki, maelfu, kutoka kwenye tope hilo tangu ziwa lilipoanza kujaa. Meno madogo kuliko punje ya chumvi. Wakaona furu hawakuwa peke yao walipoingia, samaki wengine walikuwepo nao tangu mwanzo, lakini furu ndio waliosambaa kila kona. Sasa mtu akikaa na meno madogo hivyo miezi na miezi, mimi namvulia kofia.

Mtata

Sawa. Nimesoma yote. Nauliza la mwisho kwa nia njema, nani alaumiwe?

Mpiga Kasia

Tope halina majina ya watu, Mtata. Lina fosforasi, ile mbolea inayolisha mwani. Na hata hiyo inakuja kwa njia usizozitarajia. Rashid Tamatamah na wenzake mwaka 2005 walikadiria kuwa zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia ziwani inatoka hewani, kwa vumbi na moshi. Kwa hiyo moto wa kuandaa shamba Shinyanga nao una mchango wake. Mjini tuna majitaka yetu, ghuba zinaumia kweli kweli, yule dereva wa bodaboda hakukosea. Alikosea tarehe tu.

Tena niseme udhaifu wa tope wenyewe. Karibu na pwani mawimbi na kokoro vinalikoroga, kurasa zinachanganyika. Penye hewa nzuri minyoo inafukua na kuchanganya. Na bomba moja ni sehemu moja, ziwa lina kilomita za mraba karibu 69,000. Ndiyo maana wanachukua sehemu nyingi.

Mtata

Nimekwenda Igombe leo na sahani nyeupe ya mama watoto, nimetoboa nimefunga kamba yenye mafundo kila nusu mita. Imepotea machoni kabla ya fundo la tatu. Nilipokuwa navuta kamba ikateleza, sahani imebaki huko. Nyumbani kuna kesi.

Bibi Dagaa

Zama ukaitafute, wavulana wetu walikuwa wanazama.

Mpiga Kasia

Ulipima saa ngapi, na upande gani wa mtumbwi?

Mtata

Saa kumi jioni, upande wa jua.

Mpiga Kasia

Rudia. Saa sita mchana, upande wa kivuli, jua lisikupigie machoni.

Mtata

Nikipata sahani.